Usiku Mmoja wa Kulipia

Orrin Tuttle alikuwa hajalipia mahali pa kulala kwa miaka mitano, na hakuificha habari hiyo. Nyuma ya gari-nyumba lake, chini ya kioo, alikuwa amepigilia kibao cha bati chenye maneno USIKU WA BURE, na pembeni yake tarakimu za sumaku alizobadilisha kila asubuhi kabla ya kahawa. Jumatano moja katikati ya Novemba tarakimu zilisema 1,811.

Watu wanaoishi barabarani walimjua kwa kibao kile. Kule jangwani Arizona, ambako magari-nyumba hujazana wakati wa baridi, hawakumwita Orrin. Walimwita Bure. "Bure kafika," walisema, naye alivimba kifua kama mtu aliyepandishwa cheo. Alijua maduka yanayoruhusu magari makubwa kulala kwenye maegesho yake, makanisa yenye uwanja ulio sawa, na njia za msituni zisizo na lango. Mkewe, Glenda, naye alijua jambo lake moja: kwamba kwa miaka mitano hakuwahi kuoga maji ya moto kupita dakika nne, kwa sababu tangi lilikuwa dogo na Orrin alisimama nje ya mlango wa bafu na saa mkononi.

Walikuwa wametoka kaskazini kwenye mavuno ya viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari, kazi ya saa kumi na mbili kwa siku kwenye matope na upepo. Sasa walikuwa wanateremka Texas kuuza miti ya Krismasi. Kazi hiyo ni ya wiki tano. Unaegesha gari-nyumba lako katikati ya miti, unauza mchana, unalinda usiku, na pesa yake inakufikisha majira ya kuchipua. Miti ingeshushwa Jumamosi asubuhi. Mwenye miti alikuwa ametuma ujumbe: nitumie picha ya leseni yako ya udereva kabla ya Ijumaa, la sivyo eneo nampa mwingine.

Leseni ya Orrin ilikuwa inakufa Alhamisi, siku ambayo yeye mwenyewe alikuwa anatimiza miaka sitini. Glenda asingeweza kushika usukani. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta tangu wiki ya mwisho ya mavuno, aliposhuka mlangoni akakanyaga hewa mahali pa ngazi ambayo Orrin alikuwa amesahau kuiteremsha. Suala la ngazi lilikuwa bado halijaisha kati yao.

Ndiyo maana walikuwa Vesterby, Dakota Kusini. Kwa sheria pale ndipo nyumbani kwao: Mtaa wa Pili, Namba 40, Sanduku 417. Namba 40 ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya kilimo, kimejaa visanduku vya barua toka sakafuni hadi darini, na kwa mujibu wa karatasi za serikali humo ndani waliishi watu elfu tatu na mia mbili. Mji mzima uliobaki ulikuwa na watu mia nne. Orrin hakuliona hilo kuwa jambo la kushangaza. Kila mtu aliyemjua barabarani alikuwa anaishi ndani ya kisanduku fulani.

Saa mbili asubuhi alivuka maegesho ya jengo la wilaya, walikolala, akaingia ofisi ya leseni. Ofisi ilikuwa na meza moja, kamera moja na mwanamke mmoja, Bi. Aamodt, mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Karatasi ya ukazi ninayo," Orrin alisema. "Leseni ya zamani hii hapa. Cheti cha kuzaliwa hiki hapa."

"Risiti?"

"Ya nini?"

"Ya kulala. Nyinyi wa magari lazima mlete risiti ya usiku mmoja ndani ya jimbo. Hoteli au kambi. Iwe ya mwaka huu."

"Nimelala hapa jana."

"Hapa wapi?"

"Hapo." Orrin akaelekeza kidole dirishani. Gari-nyumba lilikuwa hatua ishirini tu, na ndani yake alionekana Glenda, mguu juu ya meza, akitafuna mkate wa kuchoma.

"Nililiona," Bi. Aamodt alisema. "Nilipofika ulikuwa mlangoni unapiga mswaki. Ukanipungia mkono."

"Basi wewe ni shahidi yangu."

"Mimi ni shahidi. Mimi si risiti."

"Mama, umeniona kwa macho yako."

"Nimekuona. Mkeo pia nimemuona, na hizo nguo zenu za ndani zilizoanikwa dirishani nimeziona. Ulilipa?"

"Hapo hapalipiwi."

"Ndiyo hivyo." Akamrudishia karatasi zake. Hakuwa mtu mbaya. "Bwana Tuttle, sheria sikuitunga mimi. Mimi nafungua ofisi ya mji huu Jumatano na Alhamisi, na kesho saa sita mchana nafunga naenda mji mwingine. Leo lala mahali ulipie. Niletee karatasi yenye jina lako, jina la mahali, anwani, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Hata kama ni dola tano."

"Basi?"

"Basi. Wenzako elfu tatu wameweza."

Glenda alipoelezwa alicheka mpaka akaushika mguu wake kwa maumivu.

"Kwa hiyo serikali nayo inataka ulipe," alisema. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Usiku mmoja tu. Naenda kambini, natoa pesa, nachukua karatasi."

"Chukua na maji ya moto basi, maana umeshalipa."

"Tutaona."

"Miaka mitano naambiwa tutaona," Glenda alisema, akarudi kwenye mkate wake.

Kambi ya magari ilikuwa maili moja nje ya mji. Orrin alikwenda na kigari kidogo wanachokikokota nyuma. Alikuta mnyororo langoni, na mzee mmoja mrefu akizungushia magunia bomba la maji. Mzee alijitambulisha: Delmar Haugen, mwenye kambi.

"Nataka kulala hapa leo," Orrin alisema.

"Lala. Mnyororo haujafungwa, umening'inia tu."

"Bei gani?"

"Bei ya nini? Msimu umekwisha. Maji nimefunga, umeme nimekata, vyoo nimevimwagia dawa ya kuzuia kuganda. Chagua sehemu ukae."

"Nataka kulipa."

Delmar aliacha gunia. "Kulipia nini?"

"Kulala."

"Bwana, utalala kwenye kitanda chako, ndani ya gari lako, chini ya blanketi lako. Mimi hapo nimetoa nini? Nyasi?"

"Niuzie nyasi basi."

"Zenyewe zimekufa."

Orrin alitoa noti ya dola ishirini. Delmar alirudi nyuma hatua moja, akatia mikono mifukoni.

"Ulishawahi kusikia mimi ni mwizi?"

"Sijawahi kusikia lolote juu yako. Ndiyo kwanza tunaonana."

"Basi tusianze vibaya. Ficha hiyo pesa."

Kwa miaka mitano Orrin alikuwa amemtafuta mtu wa aina hii nchi nzima. Sasa alitaka kumkaba koo. Alimweleza habari ya leseni, miti ya Krismasi, mguu wa Glenda, Bi. Aamodt na miwani yake. Delmar alisikiliza kwa huruma yote.

"Risiti nakuandikia," alisema mwishowe. "Kitabu ninacho. Lakini naandika kilichotokea, sipunguzi wala siongezi."

Aliingia kibandani akatoka na karatasi. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri: Orrin Tuttle, usiku mmoja, dola sifuri. Chini yake: Karibu tena. Mkewe Delmar alitoka nyuma yake na bakuli kubwa la nyama ya kusaga iliyookwa na viazi juu, limefunikwa karatasi ya alumini, akamwekea Orrin mikononi kabla hajafungua mdomo. Alisema bakuli asilirudishe.

Bi. Aamodt aliisoma risiti mara mbili.

"Kwanza usiku wenyewe bado hujalala."

"Nitalala."

"Pili, risiti ni ya pesa iliyopokelewa. Hapa hakuna aliyepokea kitu. Hii si risiti, hii ni barua ya mapenzi."

"Hataki pesa yangu."

"Delmar hajawahi kutaka pesa ya mtu baada ya Oktoba. Baba yake alikuwa vilevile. Jaribu hoteli."

Hoteli ya Vesterby ilikuwa na vyumba kumi na viwili. Ndani yake wiki ile kulikuwa na wawindaji thelathini na mmoja na mbwa kumi na tisa, maana ulikuwa msimu wa kuwinda wale ndege wa mashamba ya mahindi wenye mikia mirefu, na wanaume hutoka mbali kuwafuata. Mwenye hoteli alimwambia Orrin kwamba hata kwenye chumba cha kufulia kuna mtu, tena wakili.

"Na miji ya jirani?"

"Maili themanini kila upande, hata kreti la mbwa hulipati."

Mwindaji mmoja mnene, mwenye suruali ya rangi ya chungwa, alikuwa anakunywa kahawa kaunta. Alisema anaitwa Royce, katokea Georgia, akauliza mzee huyu ana shida gani. Akaelezwa.

"Chukua kitanda changu," Royce alisema palepale. "Mimi nalala na mbwa kwenye pikapu."

"Nakulipa mara mbili."

"Hunilipi kitu."

"Nakuomba unitoze."

"Mtu anatimiza sitini kesho, mkewe kavunjika mguu, halafu nimtoze kitanda? Mama yangu atanisikia huko kaburini aliko."

Orrin akamgeukia mwenye hoteli. "Mwandikie risiti kwa jina langu."

"Kitanda kimeshaandikiwa Royce mpaka Jumapili. Siwezi kuuza kitanda kimoja mara mbili. Nitafungiwa."

Royce alimfuata mpaka kwenye kigari akamtupia ndege wawili kwenye kiti cha nyuma, wameshanyonyolewa. Kwenye kanisa la Kilutheri mchungaji alimwambia uwanja ni wake, alale hata wiki, na kama moyo wake unamsukuma anaweza kutoa sadaka, ila sadaka ikiandikiwa risiti ya malazi itakuwa biashara, na kanisa si gesti. Akampa mtungi wa matango ya siki.

Jioni ilipoanza Orrin aliingia kwenye gari-nyumba na bakuli, ndege wawili na mtungi. Glenda alitazama mikono yake.

"Ulienda kutafuta karatasi, umerudi na karamu."

"Mji huu una wazimu. Nimezunguka siku nzima na pesa mkononi, hakuna anayeigusa."

"Si ndiyo ulichokuwa unakitaka?"

Orrin alikaa. Simu ilikuwa juu ya meza, na ujumbe mpya wa mwenye miti ulikuwa umeingia: Leseni vipi? Nina mtu mwingine anasubiri. Aliusoma, akaigeuza simu kifudifudi. Wasipopata miti, kazi inayofuata ingekuwa Machi, na akiba yao isingewafikisha Machi. Na gari lisilo na dereva mwenye leseni lingekaa papo hapo lilipo, Dakota, majira ya baridi, maji yakiganda ndani ya mabomba. Walimjua mtu mmoja aliyekwama hivyo huko kaskazini. Alichoma viti vyake vyote kabla ya Februari.

Glenda alifungua bakuli, akala vijiko viwili vitatu akiwaza.

"Gari hili la nani?" aliuliza.

"Letu."

"Kadi ina jina la nani?"

"Lako. Unajua kwa nini. Wakati ule nilikuwa na kesi na benki."

"Sijauliza kwa nini. Na biashara iliyoandikishwa jimbo hili, yenye namba ya kodi, ni ya nani?"

"Yako. Ya sweta za mbwa."

"Na kitabu cha risiti ninacho." Alikivuta toka chini ya mto wa kiti. Kilikuwa kitabu cha kweli, chenye nakala ya bluu. "Fomu ya biashara inasema sweta na huduma nyingine halali. Leo natoa huduma nyingine. Napangisha kitanda."

Orrin alikifungua kile kitabu. "Mahali pawe na anwani. Hapa ni maegesho ya wilaya."

"Vuka barabara basi. Namba 40 ni ile pale. Kwa miaka mitano hatujawahi kulala nyumbani kwetu hata siku moja."

Mama aliyesimamia visanduku vya barua pale Namba 40 alisema waegeshe tu. Alipoulizwa bei alicheka. Orrin aliwasha injini, akatoka maegeshoni, akavuka barabara, akazima injini. Safari nzima ilikuwa mita arobaini. Sasa dirisha la ofisi ya leseni lilikuwa linawatazama kwa mbele.

"Haya," alisema. "Bei gani?"

"Dola arobaini. Na kodi juu yake."

"Arobaini? Kwa kitanda changu?"

"Kitanda chako hapana. Chumba cha nyuma ni cha mwenye nyumba. Mgeni analala mbele, kwenye kochi."

"Kochi lina chuma katikati."

"Ndiyo maana ni arobaini, si sitini."

"Delmar ananipa bure."

"Nenda kwa Delmar."

Upepo ulikuwa unalitikisa gari. Orrin alitoa pochi. Alitoa noti moja moja, polepole kama mtu anayeng'olewa meno, na Glenda alizikunja akazisokomeza ndani ya plasta, mahali ambapo mkono wa mwanamume usingefika bila ruhusa ya daktari. Akaandika: Malazi ya Glenda, Mtaa wa Pili 40, Vesterby. Mgeni: Orrin Tuttle. Kuingia Jumatano, kutoka Alhamisi saa tano.

"Kuoga kumo?" Orrin aliuliza.

"Kumo."

Aliingia bafuni. Alipofungua maji alisikia magongo yakigonga sakafu, yakasimama nje ya mlango.

"Dakika nne," sauti ya Glenda ilisema. "Nimeshaanza kuhesabu."

Asubuhi Orrin aliamka na mgongo uliochorwa mstari wa chuma. Alikwenda nyuma ya gari kubadilisha tarakimu kama kawaida, akainua mkono na mkono ukabaki hewani. Glenda alikuwa amefungua dirisha la nyuma.

"Ilikuwa bure?" aliuliza.

Orrin alizibandua tarakimu zote nne akazitia mfukoni. Kwa muda kidogo zilikuwa nzito kuliko alivyotarajia. Kisha akavaa koti juu ya nguo za kulalia, akavuka barabara.

Bi. Aamodt aliinyoosha risiti mezani kwa viganja viwili.

"Huyu Glenda ni nani?"

"Mwenye mahali."

"Ni mkeo."

"Hapo kwenye risiti hapajaandikwa."

"Kweli hapajaandikwa." Aliendelea kusoma. "Siku ya kutoka, leo. Umetoka?"

"Si niko hapa."

"Bwana Tuttle, umevaa ndara. Mgeni aliyetoka ana mzigo, ana viatu. Huyu niliye naye ni mtu aliyekuja mara moja kutoka chumbani kwake. Sitapiga muhuri kwenye kitu ambacho hakijatokea."

Orrin alirudi. Glenda, ambaye alikuwa anaona yote dirishani, alikuwa ameshamfungia begi. Alimkuta mlangoni, ameegemea magongo.

"Kochi lilikuwaje?"

"Glenda, saa nne hii."

"Nauliza wageni wote. Umeangalia chini ya kochi? Watu huacha vitu."

Aliangalia. Alikuta soksi yake ya mwaka juzi. Akaitia begini, akavaa viatu, akampa funguo. Glenda alimpa mkono wa kuagana, akamtakia safari njema. Ng'ambo ya barabara Bi. Aamodt alikuwa amesimama dirishani na kikombe chake, hapepesi macho, na nyuma yake mkulima aliyefuata leseni ya trekta alikuwa amesogea ili naye aone. Mlango wa gari-nyumba ulifungwa. Orrin alisikia komeo likiingia.

Aliporudi ofisini na begi, Bi. Aamodt alitikisa kichwa kukubali. Halafu akakunja uso.

"Kuna tatizo lingine. Anwani yako ya ukazi ni Mtaa wa Pili 40. Mahali ulipolala kama mgeni ni Mtaa wa Pili 40. Mtu hawezi kuwa mgeni kwake."

"Mama," Orrin alisema, na safari hii alisema polepole, maana alikuwa ameshachoka. "Nyinyi ndio mnanitaka nithibitishe kwamba nakaa hapa. Nikasema nathibitishaje, mkasema leta karatasi inayoonyesha ulipita kama mgeni. Nimepita kama mgeni. Nimelala kwenye chuma. Nimeoga dakika nne. Nimelipa arobaini kwa mwanamke niliyemuoa miaka thelathini na tano, na sasa hivi kanifungia mlango. Unataka mgeni wa aina gani zaidi ya huyo?"

Mkulima wa trekta alisema, "Hapo kasema kweli, Solveig."

"Wewe subiri zamu yako." Bi. Aamodt alinyanyua simu akapiga makao makuu. Aliwekewa muziki. Walisikiliza muziki wote watatu, ikafika saa tano, ikapita saa tano, mkulima akaanza kuufuata kwa mluzi. Saa tano na dakika thelathini na tano mtu alipokea.

Bi. Aamodt alieleza tangu mwanzo. Alieleza vizuri, hakuongeza neno. Akasikiliza. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, mkewe. Hapana, lina choo. Ndiyo, alilipa, risiti ninayo mkononi. Ngoja niangalie." Akaisogeza miwani. "Kodi imekatwa. Dola mbili na senti arobaini." Akasikiliza tena, kidogo tu safari hii, akakata simu.

"Wanasemaje?"

"Wanasema kama kodi imelipwa, alilala."

Akapiga muhuri. Akamkalisha mbele ya kamera, akamwambia asitabasamu, jambo ambalo halikuwa na haja ya kusemwa. Leseni ilitoka kwenye mashine saa sita kasoro dakika sita, bado ina joto: Orrin Tuttle, Mtaa wa Pili 40, Sanduku 417, miaka mitano mingine. Aliipiga picha palepale mezani akaituma Texas. Jibu lilirudi kabla hajafika mlangoni. Lilikuwa neno moja: Njoo.

"Heri ya kuzaliwa, Bwana Tuttle," Bi. Aamodt alisema, akageuza kibao cha IMEFUNGWA. Kisha akamwona mkulima, akakigeuza tena.

Nje theluji nyepesi ilikuwa imeanza, inakwenda ubavu kwa sababu ya upepo. Orrin alibisha mlango wa gari lake. Dirisha dogo la juu likafunguka.

"Nikusaidie nini?" Glenda aliuliza.

"Nimepata. Fungua."

"Hongera. Saa ya kutoka ilikuwa saa tano."

"Glenda, kuna baridi."

"Naiona. Usiku wa leo unalala wapi?"

"Tutafika Nebraska. Kuna duka kubwa pale njia panda, mlinzi wake ananifahamu, maegesho yake..."

Dirisha likaanza kufungwa.

"Kuna kambi," Orrin alisema haraka.

Dirisha likasimama. "Imefungwa kama ya Delmar?"

"Inafanya kazi mwaka mzima. Iko kando ya barabara kuu."

"Maji ya moto?"

"Yapo."

"Wanapima dakika?"

"Hawapimi."

"Umejuaje? Hujawahi kuingia."

"Naliona bango lao kila mwaka," Orrin alisema. "Huwa nalipita upesi kabla hujalisoma."

Kisha komeo likatoka. Orrin aliinama kwanza, akaiteremsha ngazi mpaka chini, akaikanyaga mara mbili kuona kama imeshika, halafu ndipo akapanda.

Walifika Nebraska saa moja jioni. Msichana wa kambi alisema dola thelathini na tano, Orrin akatoa, safari hii zote kwa pamoja. Glenda alipita na magongo yake, taulo mabegani, mfuko wa plastiki umefungwa juu ya plasta, hakumsemesha mtu. Mlango wa bafu ulifungwa, na baada ya muda mvuke ukaanza kutoka kwenye tundu la juu, mwingi, mweupe, kama wa kiwanda.

Orrin alikaa kwenye benchi nje. Mwanamume wa gari la jirani alikuwa anamtembeza mbwa wake. Alisimama nyuma ya gari-nyumba akasoma kile kibao kilichobaki bila tarakimu, akamgeukia.

"Samahani mzee," alisema. "Hili si gari la yule jamaa wa Arizona? Yule Bure?"

"Hapana," Orrin alisema. "Gari la mama mmoja. Mimi nimepanga tu."

"Anatoza bei gani?"

"Arobaini. Kochi lina chuma."

Jirani alisikitika, akasema siku hizi kila kitu kimepanda. Orrin akasema ndiyo. Wakakaa wakiutazama mvuke.